Siku Niliyokujibia

Richfield, Jumamosi jioni

Moraa, mama yangu,

Baba yako amekupeleka Woodbury ukawaage wenzako wa jimnastiki, kwa hiyo nyumba imebaki na mimi na sanduku lako. Liko hapa katikati ya sebule. Limefungwa, likafunguliwa, likafungwa tena. Baba yako amelipima mara tatu kwa ile mizani ya bafuni: anapanda amelibeba, anashuka, anapanda bila hilo, kisha anatangaza kilo kwa sauti utadhani anahubiri. Kesho asubuhi utapanda ndege uende ukaichezee Kenya. Mimi nimekaa hapa mezani na kalamu.

Sikuandikii habari za vidonge vya malaria, wala za maji ya kuchemsha, wala nani atakupokea Nairobi. Hayo baba yako ameyaandika kurasa mbili akayabandika ndani ya kifuniko cha sanduku. Mimi nina jambo moja tu, na nimekaa nalo miaka mitatu. Nimejaribu kulisema ndani ya gari, nikashindwa. Nimejaribu jikoni, ukaingia umeziba masikio na muziki wako, nikamshukuru Mungu. Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi. Kiingereza changu ni cha kazini, kina adabu nyingi mno, nitajificha ndani yake. Najua Kiswahili chako ni cha kuomba chapati tu, lakini kusikia unasikia vizuri sana, maana nikikusengenya kwa simu na shangazi yako huwa unanijibu kutoka chumbani. Basi soma polepole, kwa sauti, utajisikia unaelewa.

Kwanza nikuambie ninavyoogopa, kwa sababu kila kitu kilianzia hapo.

Unajua kazi yangu ni kuosha watu, kuwalisha na kuwageuza vitandani. Lakini kuna mmoja sijawahi kukusimulia. Kabla sijaanza na wazee, nilifanya mwaka mmoja kwenye wodi ya walioumia uti wa mgongo. Kulikuwa na kijana wa miaka ishirini na miwili. Alijirusha kichwa mbele ziwani siku ya joto kama leo, na pale alipojirusha maji yalikuwa ya magotini. Nilimgeuza kila baada ya saa mbili. Alikuwa mcheshi, jameni, alinichekesha hadi nikasahau aliko. Aliniambia alikuwa akijirusha pale pale tangu utoto wake. Wiki niliyoacha wodi hiyo ndiyo wiki wewe, una miaka saba, ulipanda juu ya kochi, ukajirusha kinyumenyume, ukasimama kwenye zulia na kuniambia, “Mum, umeona?”

Niliona. Na tangu siku hiyo sijataka kuona tena. Watu kanisani huniambia, “Mama Moraa, una moyo wewe, mimi wangu nisingemruhusu.” Moyo gani? Nafumba macho! Miaka kumi ya mashindano, sijawahi kuona hata mara moja ukishuka kutoka kwenye boriti, ule ubao mwembamba mnaochezea juu yake. Ukianza kupanga miguu mwishoni, mimi natazama viatu vyangu, kisha nafumba. Nikisikia makofi nafungua, napiga makofi kuliko wote. Video ndizo nazitazama baadaye nyumbani, nikishajua umesimama. Sasa umejua.

Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Mimi nimekuwa mwoga maisha yangu yote, na bado kilio kilikuja kwangu. Nitakuambia kilivyokuja.

Babu yako, siku aliponipeleka shule ya bweni, alinishika mkono hadi ofisini kwa mwalimu mkuu. Akavua kofia. Akasema, “Mwalimu, huyu si wangu tena, ni wako. Ukimchapa usiniite. Shule ikifungwa nirudishie mifupa tu, nyama nitamrudishia mwenyewe kwa ugali.” Wakacheka wote wawili, na mimi nimesimama hapo kati yao na sanduku langu la bati. Sikuchukia, Moraa. Nilijua ninapendwa. Kwetu Kisii mzazi asiyesema hivyo alionekana anamdharau mwalimu, na mtoto wake alionekana hana mwenyewe.

Basi ulipofika miaka kumi na mmoja, yule dada aliyekuwa akikufundisha hapa karibu aliniita pembeni. Akaniambia ameishiwa, hana tena la kukufunza, tukupeleke Woodbury kwa Kocha Darlene. Unaikumbuka siku ile? Nilivaa kitenge cha Pasaka. Nilimbebea chapati kumi na mbili, wewe ukaona aibu hadi ukatembea nyuma yangu hatua kumi. Nikamwambia kwa Kiingereza changu, “Kocha, kuanzia leo huyu ni mtoto wako. Mimi sina neno. Akileta ukaidi, mnyooshe.” Akacheka, akadhani namtania. Akasema wazazi wengine humwandikia barua pepe kila siku. Mimi sikumwandikia hata moja kwa miaka mitatu, na nilijisifu kwa hilo. Akina mama wengine walisimama pale kwenye maegesho wakilalamika kwamba mazoezi ni marefu, watoto wanachoka. Mimi niko ndani ya gari, nimepandisha vioo, najiona mzazi mwenye adabu kuliko wote wa Minnesota.

Halafu ikaja ile Januari, una miaka kumi na minne. Tulikuwa tunarudi nyumbani, tunavuka mto, theluji inapeperuka mbele ya taa. Ukasema, “Mum, mguu wangu unauma. Hapa juu. Kila nikitua.”

Nikakuuliza kama umemwambia kocha. Ukasema umemwambia kidogo.

“Kidogo inatosha,” nikasema. “Usimsumbue mtu na kazi yake. Mimi nilitembea maili ngapi kwenda shuleni na funza kidoleni?”

Uongo mtupu. Shule ya msingi ilikuwa nyuma ya kanisa, ukikohoa nyumbani wanakusikia darasani. Funza ndiyo kweli. Ukageukia dirisha. Wiki iliyofuata nikakuona unashuka ngazi za hapa nyumbani umeshika ukuta kwa mikono miwili, nami nikajifanya natafuta funguo kwenye mkoba. Funguo zilikuwa mkononi mwangu.

Sasa nisikilize. Siku ya mashindano, baba yako alikuwa kazini, nilikuwa peke yangu kwenye viti vya watazamaji. Mmemaliza kupasha misuli moto. Kocha Darlene akapanda ngazi hadi nilipokaa, akachuchumaa mbele yangu kabisa, uso kwa uso. Wewe ulikuwa chini unatutazama. Uliniuliza baadaye alikuwa akisema nini, nikakwambia ni mambo ya ratiba.

Haikuwa ratiba. Alisema, “Moraa anatua vibaya leo. Nimemuuliza, anasema yuko sawa, lakini simwamini. Wewe ni mama yake. Nyumbani analalamika? Ukiniambia anaumwa, namtoa sasa hivi.”

Namtoa sasa hivi. Nimeyarudia maneno hayo nikiosha vyombo, nikiendesha gari, nikiwa kanisani watu wanaomba. Nilihitaji kusema neno moja tu. Mimi nikacheka, Moraa. Nikamwambia, “Haumwi huyo. Ni uvivu na woga wa mashindano. Msukume tu.”

Akanitazama kidogo, kisha akasema sawa, akashuka. Ilipofika zamu yako kwenye ile meza mnayoikimbilia na kuiruka kwa mikono, ulisimama kule mwisho na mikono yako nyeupe kwa chaki, ukanitafuta kwa macho. Nilijua unachouliza. Mtoto akimtazama mama yake vile, mama anajua. Nikakupungia mkono: nenda, nenda. Kisha nikafumba macho, desturi yangu. Nikasikia miguu yako inakimbia, nikasikia mikono yako inagonga meza. Nikangoja makofi, na makofi hayakuja.

Mfupa ulipasuka kabisa, wakautia skrubu mbili. Babu yako angalau aliomba arudishiwe mifupa. Mimi hata mifupa sikuiomba.

Hospitalini ukasema, “Simtaki tena Kocha Darlene. Alijua. Aliona ninavyotua, akaniacha niruke.” Ulisema kwa Kiingereza, kwa sauti, na yeye amesimama mlangoni na maua. Akanitazama. Nikatazama sakafu. Ningeweza kufungua mdomo pale pale, mlango uko wazi, watu ni watatu tu. Yeye akasema, “Pole, Moraa. Ni kosa langu,” akaweka maua dirishani akaenda. Hakunitaja. Hadi leo hajanitaja kwa mtu yeyote, sijui kwa nini, na namwogopa kwa sababu hiyo.

Kisha wakaja akina mama wa kanisa letu la mtaa wa Phillips, na masufuria yao ya wali na maneno yao. “Wazungu hawa! Mtoto wa mtu wanamfanya punda!” Baba yako akawaandikia wenye ukumbi barua kali ya malalamiko. Wakamtoa Kocha Darlene kwenye kundi la wasichana wakubwa, wakampa watoto wadogo. Na mimi nilikuwa nimebeba thermosi, nawamiminia chai wanaomlaani. Nikawauliza nani anaongeza sukari.

Mtu yeyote mwenye akili atauliza kwa nini nilisema vile. Nimejipa majibu mengi. Picha yako ilikuwa imeshasambaa kwenye kundi la WhatsApp la akina mama wa kwetu, wote wanangoja matokeo. Tena sisi ni wageni hapa, na mgeni halalamiki, mgeni akilalamika anaonyeshwa mlango. Hayo yote ni kweli, lakini hayatoshi. Kweli yenyewe ni hii: niliogopa kukutazama kiasi kwamba nilitafuta mtu mwingine akutazame badala yangu, nikamwita kocha, nikaita jambo hilo heshima. Siku alipogeuka kuniuliza mimi naona nini, sikuwa nimeona kitu. Sikuwa nimetazama. Nikajibu tu.

Na ujue kazi yangu ilivyo. Kila zamu naingia vyumba vya watu ambao si damu yangu, nawauliza: maumivu yako ni kiasi gani, sifuri hadi kumi? Wakisema nane naandika nane. Kulikuwa na mama mmoja mzee ambaye kila siku alisema kumi, anatabasamu, anakula biskuti, bado ni kumi. Wiki uliyopasuliwa nilirudi kazini, nikamwambia nesi, huyu anadeka, niandike tatu? Nesi hata hakuinua kichwa. Akasema, “Andika kumi. Mguu ni wake.” Nikaandika. Nikaenda stoo ya mashuka nikalia hadi wenzangu wakaja kuniuliza nani amefariki nyumbani. Nilikuwa nimewauliza watu baki maelfu ya mara, na wewe sikukuuliza hata siku moja.

Ukarudi, na mimi niliomba usirudi. Nisamehe na hilo. Mwaka mzima na zaidi wa mazoezi ya kuvuta mpira kwa vidole vya mguu hapa sebuleni, kocha mpya, ukumbi ule ule. Kisha mwaka jana Kenya wakakuita. Wewe uliyezaliwa hapa mwaka wa elfu mbili, ambaye nyumbani umekanyaga mara moja tu ukalia kwa sababu ya choo cha shimo, ukavaa bendera kifuani ukasimama mbele ya mataifa. Nilikuwa kazini na simu kwenye mfuko wa sare. Najua ulianguka kutoka kwenye boriti, ukapanda tena, ukamaliza. Uliponipigia nikakuuliza umekula. Ndilo swali nililokuwa nalo.

Sasa unakwenda mwaka mzima. Kambi Nairobi, kisha mashindano ya Afrika, kisha huko Ulaya wakikuchagua. Wiki iliyopita kocha wako wa huko Kenya alinipigia. Ana sauti nzuri, mtu wa heshima, aliniamkia vizuri. Akasema, “Usiwe na wasiwasi, Mama Moraa. Huyu sasa ni mtoto wetu.” Nilikaa chini kwenye ngazi, simu bado iko sikioni. Hajakosa kitu huyo baba wa watu. Amesema maneno ambayo babu yako alisema, ambayo nilisema mimi na chapati mkononi. Lakini nilisikia moyo unasema, haya, tumeanza tena.

Kule utakuwa na wazazi wengi. Kila mtu mzima atakuwa na neno la kukwambia, na neno la kwanza litakuwa vumilia. Si neno baya, mimi limenivusha mengi. Ila nilikupa wewe hilo neno peke yake, bila mwenzake, na mwenzake simjui vizuri hata sasa. Wewe umezaliwa huku, mdomo unao, nimekupigia kelele miaka yote kwa ajili ya huo mdomo. Aki, mama, nenda nao wote.

Ninaogopa shingo yako. Ninaogopa mguu ule wenye skrubu, na zulia nisilolijua, na hospitali iliyo mbali. Ninaogopa kwamba kuna siku utakuwa umesimama mwisho wa uwanja na mikono ya chaki, utatafuta kwenye viti, na utauona mkono wangu unapunga. Zaidi ya yote ninaogopa kwamba utaisoma barua hii kwenye ndege, na ukifika hutanipigia. Hiyo itakuwa haki yako. Itaniua, lakini itakuwa haki yako.

Leo huko Woodbury bila shaka umempita Kocha Darlene na watoto wake wadogo, na hukumsalimia, maana hujamsalimia miaka mitatu. Wewe, ambaye nilikufunza kusalimia hata dereva wa basi. Mimi nimeshamwandikia barua yake, iko chini ya hii, kesho baba yako ataipeleka baada ya uwanja wa ndege. Baba yako nitamwambia kwenye gari tukirudi, wakati hawezi kutoka nje. Wewe fanya utakavyoona.

Imebaki ile fomu. Kwa kuwa hujatimiza miaka kumi na minane, mzazi anatakiwa kusaini kwamba kocha ataamua mambo yako yote kwa niaba yake. Imekaa wiki mbili chini ya bakuli la ndizi. Baba yako anadhani nimesahau. Sijasahau, nimekuwa nikipita na kuiangalia. Mchana huu nimeitoa nikaisoma hadi mwisho, na chini kabisa kuna mstari mtupu: jambo ambalo kocha anapaswa kulijua kuhusu mchezaji. Nadhani wanataka mzio wa dawa. Nimeandika kwa Kiswahili, na chini yake kwa Kiingereza asije mtu akasema hakuelewa:

Akisema inauma, inauma. Msinipigie mimi kuuliza. Muulizeni yeye.

Kisha nimesaini. Iko ndani ya pasipoti yako.

Hao mmerudi, nasikia baba yako anafunga mlango wa gari. Nitakunja barua hii niitie kwenye koti lako, na chakula cha jioni nitakuwa na maneno mengi kuhusu sanduku, usishangae. Naogopa, Moraa. Ukiniuliza ni kiasi gani, ni kumi, nawe uandike kumi hata kama utaniona natabasamu pale uwanja wa ndege.

Na wewe, mama? Mguu ule, na moyo pia, baada ya kusoma haya. Sifuri hadi kumi. Chukua muda wako wote. Mara hii nangoja unijibu mwenyewe.

Mamako